Bandari ya kina kirefu peke yake haivuti meli mama: tujadili biashara ya kuhamisha makontena

Nangajuu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Siku hizi kila nchi yenye ufukwe inataka bandari ya kina kirefu, na kila inapotangazwa moja hotuba huwa ileile: tutakuwa kitovu cha kanda nzima. Kazi yangu ni kupanga makontena, lipi lishushwe wapi na lipande meli gani, na nikisikia hotuba hizo huwa nasubiri waguse swali moja. Hawaligusi. Kontena ambalo mwenye mali hayupo nchini kwako, na mnunuzi wake naye hayupo, litakuja kwako kwa sababu gani? Na likishakuja litakuachia nini?

Kwa ambao mambo haya ni mageni: meli kubwa za makontena za leo zina urefu wa mita 400 hivi na upana wa mita 61. MSC Irina ya mwaka 2023 inabeba TEU 24,346, yaani hesabu ya makontena ya futi 20. Linganisha na Ideal X ya Malcom McLean, Mmarekani aliyeanzisha safari hizi za makontena: ilipotoka Newark kwenda Houston Aprili 1956 ilibeba makontena 58. Meli kubwa kiasi hicho ikisimama, hasara inahesabiwa kwa saa, kwa hiyo haizunguki kila bandari kushusha makontena mia mbili hapa na mia tatu kule. Inagusa bandari chache, inashusha maelfu, inaondoka. Meli ndogo tunazoziita fida ndizo zinayachukua na kuyapeleka kwenye bandari za pembeni, na zikirudi zinaleta yale ya kupanda zile kubwa, yaani meli mama. Hiyo ndiyo biashara ya kuhamisha shehena meli kwa meli.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Shehena ya kuhamishwa ni ya mwenye meli, nchi haina mkono ndani yake, na mwenye meli anaweza kuihamishia kwingine kwa uamuzi wa kikao kimoja. Nchi inayochimba kina cha mita 18 bila kuwa na kitu kingine cha kumshika inamjengea nyumba mpangaji asiye na mkataba.

Karibuni.

Matlai

Mkuu Nangajuu, uzi mzuri, ila kina usikipite haraka hivyo. Nimefanya urubani wa kuingiza meli bandarini, na naona hata hicho kina chenyewe watu hawakielewi.

Ukisoma "bandari ya mita 17", uliza: mita 17 wapi? Kwenye gati, au kwenye mkondo wa kuingilia? Gati linaweza kuwa na 17 na mkondo una 14, na hapo meli inayozama mita 16 gati hilo italiona kwa darubini tu. Halafu kina kinachoandikwa kwenye ramani za bahari kinapimwa maji yakiwa yamekupwa sana. Bandari nyingine zinapokea meli nzito maji yakijaa tu, maana yake meli inasubiri nje saa kadhaa. Meli mama haipendi kusubiri.

Tena meli ikitembea kwenye mkondo usio na maji mengi inadidimia. Kadiri inavyokwenda kasi maji ya chini yake yanakimbia, msukumo unapungua, tumbo linashuka. Meli iliyosoma mita 15 na nusu ikiwa imesimama inaweza kukaribia 16 ikiwa inatembea. Ndiyo maana tunaacha nafasi chini ya tumbo, mara nyingi kama asilimia 10 ya kiasi meli inachozama au zaidi, kutegemea mawimbi na aina ya sakafu. Sakafu ya tope inasamehe. Mwamba hausamehi.

Na kuna duara la kugeuzia. Meli ya mita 400 inahitaji mahali pa kujizungusha, na boti za kuvuta zenye nguvu ya kuishika upepo ukivuma. Makontena yakipangwa juu mpaka kimo cha jengo la ghorofa, meli nzima inageuka kuwa tanga. Ever Given ilipokwama Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021 upepo ulikuwa sehemu ya maelezo, na ule mfereji una kina cha kutosha.

Nangajuu

Asante sana mkuu, umenifundisha hapo kwenye kudidimia, huwa nasikia marubani wanalalamika kuhusu kasi na sikujua undani.

Ongeza na mchanga. Bandari iliyoko kwenye mdomo wa mto inachimbwa leo, mto unarudisha tope kesho. Gharama ya kuchimba mara ya kwanza ndiyo inaonekana kwenye magazeti. Ya kuchimba kila mwaka ili kina kibaki palepale haimo kwenye hotuba, na hiyo haiishi. Sehemu zenye kina cha asili karibu na nchi kavu, kama Vizhinjam kule kusini mwa India, zina bahati kubwa kwa hilo.

Demani

Mleta uzi, unatukatisha tamaa bure. Singapore ina nini? Haina mafuta yake, haina mashamba, hata maji ya kunywa inaagiza mengine. Na ni miongoni mwa nchi tajiri duniani kwa sababu ya hiyohiyo biashara unayoiita ya mpangaji. Kama wao waliweza nani ameshindwa?

Nangajuu

Mkuu Demani, nilijua utakuja na Singapore, kila mtu anakuja na Singapore.

Kwanza mahali. Mlango wa Malacca ndiyo njia fupi kati ya Bahari ya Hindi na mashariki ya Asia, na Singapore imekaa kwenye koo lake. Meli ikitia nanga pale haijapoteza njia. Hesabu ya kwanza ya mwenye meli ni hiyo: nikikengeuka kutoka njia kuu kuja kwako na kurudi, nimepoteza saa ngapi na mafuta kiasi gani? Bandari yenye mita 20 lakini iko nusu siku nje ya njia inashindwa na yenye mita 16 iliyo kando ya njia.

Pili, tuelewe takwimu. Mwaka 2024 Singapore ilihudumia TEU milioni 41.12. Namba kubwa, ila kontena linalohamishwa linahesabiwa mara mbili: likishuka kutoka meli ya kwanza, na likipanda ya pili. Pale sehemu kubwa sana ya makontena ni ya kuhamishwa. Kwa hiyo ukisikia waziri yeyote, nchi yoyote, anasema bandari yetu imefikisha milioni kadhaa, muulize kwanza ni mangapi yametoka getini. Kontena moja lililotoka getini limelipiwa ushuru, limebebwa na lori au treni, limepita kwa wakala wa forodha, lina duka au kiwanda kinalisubiri. Lililohamishwa limelala yadini siku chache likaondoka. Forodha haikupata kitu, na hata tozo ya kulinyanyua huwa ndogo, kwa sababu mwenye meli ana bandari nyingine tatu za kutishia nazo.

Tatu, hiyohiyo Singapore imewahi kuonjeshwa. Mwaka 2000 kampuni ya meli ya Maersk waliondoka wakahamia Tanjung Pelepas, upande wa pili tu wa maji, Malaysia, ambako walipewa na hisa za bandari. Evergreen, kampuni nyingine ya meli, wakafuata mwaka 2002. Singapore haikuwa imepungukiwa kina wala kreni wala ufanisi. Walioondoka walitaka bei na umiliki.

Ilisimama kwa sababu ilikuwa na mambo mengine mengi: inauza mafuta ya meli zaidi ya tani milioni 50 kwa mwaka, ina matengenezo ya meli, bima, benki, mahakama zinazoaminika kwenye migogoro ya meli, viwanda vya kusafisha mafuta. Meli inakuja kwa makontena na inaacha pesa kwenye milango mingine mitano.

Demani

Hapo kwenye kuhesabu mara mbili umenimaliza. Sikuwahi kusikia.

Lakini bado Singapore walianza sifuri. Gati lao la kwanza la makontena lilifunguliwa 1972. Kuna mtu alithubutu.

Nangajuu

Alithubutu, sibishi. Ila mwaka 1972 kanda nzima haikuwa na mshindani. Leo ukifungua unakuta Port Klang na Tanjung Pelepas za Malaysia, na Singapore wenyewe wanajenga bandari mpya ya Tuas ambayo ikikamilika miaka ya 2040 inatakiwa kumudu TEU milioni 65, na magari ya yadini yanajiendesha yenyewe. Ajira za yadini nazo ndiyo hivyo tena.

Tangamoja

Mimi ni mfanyabiashara, ya kitaalamu sijui, ila nijazie upande wa mwenye mzigo, maana mnaongea kama kontena halina mwenyewe.

Niliwahi kuagiza vipuri vya mashine. Kwenye karatasi safari ilikuwa nzuri, na gharama ilikuwa nafuu kuliko njia ya moja kwa moja. Kontena likafika bandari ya kati, likashushwa, likapangiwa fida. Fida ikaja, ikajaa, kontena langu likaachwa. Fida iliyofuata ikafutwa. Nikawa nafungua ukurasa wa kufuatilia mzigo kila asubuhi, maandishi ni yaleyale: limeshushwa, linasubiri meli. Wiki zikapita. Wakala wa kampuni ya meli, jina nalihifadhi, alikuwa ananijibu "liko kwenye mpango" kana kwamba anazungumza na mtoto. Mteja wangu akanunua kwa mwingine.

Kwa hiyo mkisifia vitovu kumbukeni sisi wa bandari za pembeni. Kila kubadilisha meli ni nafasi nyingine ya kuachwa.

Nangajuu

Pole sana mkuu. Hilo ndilo donda la mfumo huu, na linatokea hivi. Fida ina nafasi 1,000, waliokatiwa ni 1,150, kwa sababu kampuni inajua wengine hawatatokea. Wakitokea wote, linaachwa lile lenye nauli ndogo, au lile lililo chini kabisa ya mnara.

Hilo la pili watu hawalijui. Yadini makontena yanapangwa juu kwa juu, matano, sita. Lako likiwa la chini na la juu linaondoka wiki ijayo, ili kulitoa lazima kreni ishushe manne, iyaweke pembeni, itoe lako, iyarudishe. Hiyo kunyanyua na kurudisha hakuna anayeilipia. Yadi ikiwa na nafasi na anayepanga makontena anajua mapema kila kontena linapanda meli gani, kupangua kunakuwa kidogo. Yadi ikijaa kupita kiasi, kreni zinashinda zinapangua, meli inangoja, fida inapoteza zamu yake, na zamu ya bandari inayofuata, na msururu mzima unachelewa. Kitovu kizuri kinajulikana hapo, kwenye yadi, siku meli mbili zilizochelewa zinapofika pamoja. Kina cha maji siku hiyo hakikusaidii.

Kipepeo

Nimefuatilia kimya kimya. Naomba mnielimishe kuhusu Hambantota. Nilichosikia ni kwamba Sri Lanka ilishindwa kulipa deni la bandari, Wachina wakaichukua. Je, siyo ushahidi kwamba bandari hizi ni mtego?

Nangajuu

Hadithi hiyo imesambaa sana, ila ilivyokuwa ni tofauti kidogo. Bandari ilifunguliwa Novemba 2010 kwa mikopo ya China. Iko maili chache tu kutoka njia kuu ya meli zinazozunguka kusini mwa kisiwa, na ina kina cha kutosha. Kwa vigezo vya hotuba ilikuwa na kila kitu. Meli zikaendelea kupita mbele yake kwenda Colombo, kwa sababu Colombo tayari ilikuwa na fida, mawakala, ratiba, na shehena ya kisiwa chenyewe. Mwaka 2017 serikali iliikodisha kwa kampuni ya Kichina, China Merchants, kwa miaka 99, ikalipwa dola bilioni 1.12. Pesa hizo ziliongeza akiba ya fedha za kigeni. Mikopo ya ujenzi haikufutwa, iliendelea kudaiwa. Kwa hiyo haikuwa kunyang'anywa kwa kushindwa kulipa. Ilikuwa serikali yenye njaa ya dola inapangisha bandari isiyo na kazi.

Kilichoipa uhai baadaye kwa kiasi kikubwa ni magari. Meli za kubeba magari zinashusha pale yanayokwenda nchi nyingine. Ni kuhamisha vilevile, ila soko ambalo Colombo hawakuling'ang'ania.

Matlai

Na hiyo Colombo sasa inatazama nyuma. Kwa miaka mingi makontena ya India yalikuwa yanahamishiwa pale, maana bandari nyingi za India zilikosa kina cha meli mama. Colombo wakajiongeza na gati la mita 18 mwaka 2013. Sasa India imefungua Vizhinjam: meli mama ya kwanza Julai 2024, uzinduzi rasmi Mei 2025. Iko kama maili 10 za baharini kutoka njia kuu.

Swali ni shehena ipi itaondoka Colombo, na lini. Ukitegemea mzigo wa jirani, siku jirani akichimba chake unabaki na kreni.

Nangajuu

Umesema kweli, na Ulaya wameshaipitia. Taranto, kusini mwa Italia, Evergreen waliifanya kituo chao tangu 2001. Uchimbaji na ukarabati ulioahidiwa ukachelewa, Evergreen wakahamia Piraeus, Ugiriki, na kufikia 2015 kituo kikawa hakina meli na kampuni ya kukiendesha ikafilisika. Gioia Tauro, pia Italia, ilijengwa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha chuma ambacho hakikuwahi kuwepo. Mwaka 1995 ikaanza makontena, ikapaa, Maersk wakaondoka 2011, ikaanguka, na imekuja kusimama tena baada ya kampuni ya meli ya MSC kuichukua yote. Yaani mpangaji amenunua nyumba. Pengine ndiyo dawa, ila hapo tena nyumba si yako.

Demani

Haya basi, nipe mmoja aliyefaulu ambaye si Singapore, maana nimechoka kuhudhuria mazishi.

Nangajuu

😂 Haki yako mkuu. Tanger Med, Morocco. Hii naipenda na nitaikalia kidogo.

Ilianza kazi 2007, kwenye mlango wa Gibraltar, mahali ambapo bahari ina upana wa kilomita 14 tu na kila meli ya kutoka Asia kwenda kaskazini mwa Ulaya kupitia Suez inapita pale. Mwaka 2024 ilivuka TEU milioni 10. Mpaka hapo ni mahali tu, Algeciras ya Hispania, ng'ambo ya pili, ina mahali palepale.

Tofauti ni walichokifanya nyuma ya ukuta wa bandari. Waliweka maeneo huru ya viwanda sambamba na bandari, hawakungoja. Renault wakafungua kiwanda cha magari karibu na Tangier mwaka 2012, na reli inashusha magari moja kwa moja gatini. Wakafuata watengeneza nyaya, viti, vioo. Sasa angalia mwenye kiwanda anavyofikiri: yuko mahali ambapo meli za kila pembe ya dunia zinasimama kila wiki, kwa sababu ya makontena ya watu wengine. Malighafi inaingia kwa ratiba, bidhaa inatoka kwa ratiba. Nchi ndogo kibiashara isingeweza kupata ratiba hizo kwa mzigo wake mwenyewe. Shehena ya kuhamishwa imeleta meli, meli zimeleta viwanda, na viwanda vimeleta kontena linalotoka getini. Maersk wakiondoka kesho, viwanda haviwezi kubebwa kwenye kreni.

Hapo ndipo ninapoona maana ya biashara hii kwa uchumi wa nchi. Kontena lenyewe linalipa kidogo, ila linakupa meli ambazo usingezipata.

Hata hivyo nao wana kichomi. Tangu 2024 Umoja wa Ulaya unatoza meli kwa hewa chafu, na ili kampuni zisikwepe kwa kusimama nje kidogo, kanuni imezitaja Tanger Med na Port Said Mashariki ya Misri kwa jina, kwamba kusimama pale hakukati hesabu ya safari.

Tangamoja

Na vita je? Tangu Novemba 2023 Wahouthi waanze kushambulia meli Bahari ya Shamu, nauli zangu ziliruka. Bandari za kwenye njia hiyo zimepona kweli?

Matlai

Suez mwaka 2023 ilipitisha meli zaidi ya 26,000, mwaka uliofuata zikapungua kwa takribani nusu. Meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Unaweza kuwa na kila kitu sawa na njia yenyewe ikahama. Muulize Aden, bandari ya Yemen. Miaka ya 1950 ilikuwa kati ya bandari zenye meli nyingi kuliko zote duniani kwa kujaza mafuta. Suez ikafungwa 1967 hadi 1975, ikakauka. Ikajaribu tena na gati la makontena 1999. Oktoba 2000 meli ya kivita ya Marekani USS Cole ikalipuliwa mlemle bandarini, Oktoba 2002 meli ya mafuta Limburg ikalipuliwa pwani ya Yemen, bima ikapaa, meli zikaenda Salalah kule Oman, na waendeshaji kutoka Singapore wakajitoa 2003. Gati lilikuwepo, kina kilikuwepo.

Kipepeo

Swali la mwisho wakuu. Nchi ikiwa imeshaamua kujenga, na ni uamuzi halali wa watu wake, iangalie nini kwenye mkataba na mwendeshaji? Maana hapo ndipo wananchi tunapofichwa.

Nangajuu

Swali zuri kuliko langu.

Cha kwanza ningetafuta kiwango cha chini cha makontena ambacho mwendeshaji analazimika kulipia hata asipoyaleta. Kama ni kampuni yenye meli zake, au ndugu yake ni mwenye meli, hiki kipengele ndicho kinamfunga. Tangu Februari 2025 Maersk na Hapag-Lloyd wanaendesha ushirika wao wa Gemini kwa meli mama kugusa bandari chache sana, nyingi zikiwa wanazoziendesha wao, na kingine chote kinabebwa na fida. Maana yake ukiwa ndani ya mtandao wa mtu umepata meli, ukiwa nje hata mita 20 hazikusaidii. Kwa hiyo mkaribishe mwenye meli, lakini aahidi kwa pesa.

Cha pili, nani anachimba tope kila mwaka, na nani analipa lisipochimbwa. Taranto iliumia hapo.

Cha tatu ni kipengele cha upekee, na hapa someni kwa miwani. Djibouti walimpa DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, mkataba mwaka 2006 kwa ajili ya gati la makontena la Doraleh, likafunguliwa 2009. Ndani mlikuwa na haki ya upekee wa kushughulikia makontena. Baadaye serikali ikataka kujenga na wengine, Februari 2018 ikalitwaa gati, na mwaka 2019 wasuluhishi wa London wakaiamuru Djibouti ilipe dola milioni 385, kwa sababu ya kukiuka upekee huo. Kipengele cha mistari michache, kilichosainiwa wakati hakuna hata kreni moja pale.

Kipepeo

Na mikataba yenyewe ni siri.

Matlai

Mingi ndiyo. Lakini sehemu ya upekee huwa inavuja mapema, kwa sababu washindani wanaiuliza kabla ya kuleta ofa. Ukiona kampuni ya pili kubwa imejitoa kwenye zabuni bila maelezo, anza kuuliza hapo.